Barua ya wakili kwa sababu ya muziki: mwongozo kwa anayeishi Ujerumani

Bahasha imetoka kwa ofisi ya mawakili usiowajua. Ndani mna kurasa kadhaa za Kijerumani kizito, jina la albamu, tarehe, saa mpaka sekunde, anwani ya IP (namba inayoitambulisha laini yako ya intaneti) na, mwisho kabisa, kiasi cha pesa. Neno lililo juu ni Abmahnung. Ni onyo la kisheria linalokutaka ufanye mambo mawili: utie sahihi ahadi ya kuacha kusambaza kazi ya mwenye hakimiliki, na ulipe. Wanaoshtuka zaidi ni wanafunzi, wauguzi na vijana wa au pair waliotoka kwetu, ambako wimbo hupita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth na WhatsApp bila mtu kuuliza umetoka wapi.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: barua hiyo inaijua laini ya intaneti, haimjui mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Mengi yatakayokugharimu ni yale utakayoyaongeza mwenyewe, kama simu iliyopigwa kwa hofu, sahihi iliyowekwa haraka, au kukaa kimya mpaka siku zipite.

Walikupataje

Napster, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa na seva ya katikati yenye orodha ya nyimbo za wote, na seva hiyo ilipozimwa Julai 2001 ugawanaji wote ulisimama. BitTorrent, au torenti kwa kifupi, aliyoitoa Bram Cohen mwaka huohuo wa 2001, haina kitovu cha namna hiyo. Faili hukatwa vipande, na kila anayeshusha huwagawia wenzake vipande alivyokwisha kupata. Ili watu wawili wapeane vipande, kompyuta zao lazima zijuane anwani za IP. Kwa hiyo kundi zima linalogawana albamu moja linaonana uso kwa uso.

Kampuni ya upelelezi iliyotumwa na lebo, yaani kampuni ya muziki, haihitaji kudukua chochote. Inajiunga na kundi kama mshiriki wa kawaida, inapokea kipande kutoka kwako, kisha inaandika anwani ya IP, namba ya poti (mlango ambao muunganisho wako ulipitia), saa, na hashi ya faili, yaani ule mstari wa tarakimu na herufi 40 unaotambulisha faili hiyo na si nyingine. Mstari huo utaukuta kwenye barua.

Wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi nilisikiliza tu." Utetezi huo hauna nguvu, kwa sababu programu ya torenti inapandisha huku ikishusha, na kinachodaiwa hasa ni kusambaza. Mwaka 2021, katika kesi ya Mircom, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba hata vipande visivyoweza kutumika vikiwa kimoja kimoja vinatosha kuhesabika kuwa umeiweka kazi mikononi mwa umma. Programu kama Popcorn Time nazo zimewaponza watu wengi: mtumiaji anaona filamu inacheza tu, kumbe chini kwa chini ni torenti na laini yake inagawa.

Kutoka anwani hadi jina kuna hatua moja zaidi. Anwani za nyumbani hubadilika, na mtoa huduma wa intaneti hutunza kumbukumbu ya nani alikuwa na anwani ipi kwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi saba. Lebo hukimbilia mahakamani kwa kifungu cha 101 cha sheria ya hakimiliki, UrhG. Jaji akiridhika, mtoa huduma hutoa jina na makazi ya mtu aliyesaini mkataba wa intaneti. Ndiyo maana katika nyumba waliyopanga watu wanne barua humfikia mmoja, hata kama siku hiyo yeye alikuwa kazini zamu ya usiku.

Siku ya kwanza

Andika kwenye bahasha tarehe uliyoipokea. Tafuta ndani ya barua neno Frist, yaani siku ya mwisho ya kujibu. Mara nyingi hupewi zaidi ya wiki moja au mbili. Huenda tarehe zikawa mbili, moja ya sahihi na nyingine ya pesa. Iliyo muhimu zaidi ni ile ya sahihi, na huwa ndiyo ya kwanza.

Hakikisha barua ni ya kweli. Matapeli hutuma maonyo bandia kwa barua pepe yenye kiambatisho cha ZIP, na ukikifungua unaingiza kirusi. Usifungue kiambatisho wala usibofye kiungo cha malipo. Tafuta jina la wakili katika daftari rasmi la mawakili la Bundesrechtsanwaltskammer, linalosomeka mtandaoni bure, na ulinganishe simu na makazi ya ofisi na yale yaliyoandikwa kwenye barua. Lakini usiitupe barua kwa sababu tu Kijerumani chake kimekushinda au hulijui jina la albamu.

Ikiwa kuna programu ya torenti ndani ya nyumba, isimamishe sasa hivi, na uhakikishe haijiwashi kompyuta inapowaka. Kuifunga kwa kubofya alama ya X hakutoshi, kwani nyingi hubaki zikifanya kazi kwenye kona ya skrini, karibu na saa. Ondoa faili husika kwenye folda inayogawiwa. Usifute diski nzima wala usibadilishe kompyuta. Huo ni ushahidi, na huenda ndio utakaokutetea.

Kisha ingia kwenye ruta. Kwa ruta ya aina ya FRITZ!Box, fungua ukurasa wake, nenda System halafu Ereignisse, upige picha ya skrini ya orodha ya miunganisho. Orodha hiyo hufutika yenyewe, kwa hiyo ukichelewa huenda usione siku inayotajwa, lakini kilichobaki kihifadhi. Nenda pia Heimnetz, sehemu ya Netzwerk, uhifadhi orodha ya simu na kompyuta zilizowahi kuunganishwa. Linganisha saa za kwenye barua na maisha ya nyumba siku hiyo: nani alikuwepo, nani alikuwa safarini, mgeni gani alipewa nywila.

Jambo moja la kutofanya siku hiyo: usiwapigie simu mawakili walioandika barua. Upande wa pili wa simu kuna mtu mpole anayekuuliza maswali, naye anaandika. Ukisema "ni kijana wangu, nimeshamkanya", umewapa jina ambalo hawakuwa nalo.

Ukitaka kujua mtoa huduma wako ametoa taarifa zipi na kwa nani, mwandikie ukitaja kifungu cha 15 cha DSGVO, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Ni bure, na kwa kawaida anatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Omba tarehe ya amri ya mahakama na anwani ya IP iliyohusishwa nawe. Makosa hutokea: saa iliyosomwa kwa majira ya baridi badala ya kiangazi, au anwani moja inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja huku namba ya poti haikuandikwa.

Kuisoma barua yenyewe

Kifungu cha 97a cha UrhG kinataka onyo litaje wazi jina la mwenye haki, lieleze kosa lenyewe kwa usahihi, na litenganishe fidia na gharama za wakili. Ikiwa ahadi wanayotaka uitie sahihi ni pana kuliko kosa linalodaiwa, wanapaswa kusema hivyo. Onyo lisilotimiza masharti haya halina nguvu, na wewe unaweza kudai gharama zako za kujitetea. Usiseme lolote mwenyewe kuhusu kasoro hiyo. Mwonyeshe wakili wako.

Soma jina la faili kwa makini. Kwa muziki, balaa kubwa ni vifurushi vya chati kama German Top 100 Single Charts. Umetaka wimbo mmoja, umeshusha mia, na kila wimbo una mwenyewe. Ukimaliza na lebo ya kwanza, ya pili inaweza kuandika wiki ijayo kwa faili ileile. Anayejibu barua ya kwanza bila kuliona hili hulipa mara tatu au nne.

Nani aliyefanya?

Mahakama huanza kwa kudhani kwamba mwenye laini ndiye aliyefanya. Dhana hiyo huvunjika ukieleza kwamba watu wengine walikuwa na uwezo wa kuitumia laini hiyo wenyewe wakati huo. Sheria inauita wajibu huu sekundäre Darlegungslast: unaeleza ulichokijua baada ya kuwauliza watu wa nyumbani, huthibitishi nani mkosaji. "Sijui, labda jirani" haitoshi. "Tulikuwa watatu, kila mmoja ana kompyuta yake na nywila, niliwauliza wote, wawili walikuwa nyumbani saa hiyo" ni maelezo yenye uzito, ikiwa ni kweli. Ukidanganya mahakamani unaingia kwenye jinai.

Mahakama Kuu ya Shirikisho, BGH, imeshaamua hali nyingi zinazofanana na za nyumba zetu. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 hakuwajibishwa mwaka 2012, kwa sababu alimfundisha mtoto kwamba kugawana nyimbo mtandaoni hakuruhusiwi, na hakutakiwa kumchunguza kila siku. Kwa hiyo keti na watoto, waambie, na ukumbuke siku uliyowaambia. Kwa watu wazima wa familia, uamuzi wa 2014 ulisema huhitaji hata kuwaonya bila sababu. Mwaka 2016 ilikuja kesi ya mwenyeji aliyetembelewa na mpwa wake kutoka Australia pamoja na mwenzi wake, na mahakama ikasema wageni watu wazima hawahitaji somo kabla ya kupewa nywila. Mwaka huohuo ilielezwa pia kwamba hulazimiki kuikagua kompyuta ya mume au mke wako.

Mpaka upo, nao ni mchungu. Mwaka 2017, wazazi waliokiri kwamba wanamjua ni yupi kati ya watoto wao aliyeisambaza albamu ya Rihanna, lakini wakakataa kumtaja, walilazimika kulipa wao. Ukijua, uchaguzi ni kumtaja au kubeba. Ndiyo sababu ya kuongea na wakili kabla ya kufanya upelelezi mkali ndani ya familia yako.

Ahadi ya kuacha: usisaini waliyokutumia

Nyuma ya barua kuna karatasi iitwayo Unterlassungserklärung. Hii ndiyo sehemu nzito kuliko pesa. Ukiisaini, ni mkataba wa maisha. Wimbo huo ukionekana tena kwenye laini yako baada ya miaka sita, utalipa adhabu ya mkataba, na mara nyingi kiasi kinachoandikwa ni zaidi ya euro 5,000 kwa kila mara. Zaidi ya hayo, karatasi yao kwa kawaida ina sentensi inayokiri kosa na nyingine inayokubali kulipa gharama zote. Wengine huandika "kazi zote" za lebo badala ya albamu moja.

Kukaa kimya nako ni hatari. Lebo inaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya haraka, einstweilige Verfügung, na huko gharama hupanda kwa maelfu ya euro, kwa sababu ule ukomo wa gharama nitakaoueleza hapa chini unahusu barua ya onyo tu.

Njia inayotumika sana ni ahadi iliyorekebishwa, modifizierte Unterlassungserklärung. Inaitaja kazi husika peke yake. Inasema imetolewa ohne Anerkennung einer Rechtspflicht, yaani bila kukubali wajibu wowote, lakini inafunga kisheria. Haina kiasi cha adhabu kilichokwisha kupangwa: mwenye haki ndiye atakayekipendekeza, na mahakama inaweza kukikagua kama ni cha haki. Haikubali fidia wala gharama. Iandikwe na wakili au kwa msaada wa Verbraucherzentrale, kituo cha ushauri wa walaji kilicho katika kila jimbo. Sampuli za mtandaoni zipo tele, ila neno moja pungufu huifanya ikataliwe, na neno moja la ziada hukufunga kuliko ilivyohitajika.

Wala usiitoe kabla ya kuhakikisha kwamba faili imeondoka kwenye kila kifaa. Ahadi iliyotumwa Jumatatu huku kompyuta ya mdogo wako ingali inagawa Jumanne tayari ni adhabu. Na kama hukufanya kosa na una maelezo mazuri, huenda usihitaji kutoa ahadi hata kidogo. Hilo nalo aamue wakili baada ya kukusikiliza.

Itume kwa faksi au barua ya rejista ili ubaki na uthibitisho wa siku iliyofika.

Pesa

Kiasi kilicho kwenye barua ni ofa, si hukumu. Tangu Oktoba 2013, kwa mtu binafsi asiyefanya biashara na ambaye hajawahi kufungwa na ahadi au hukumu kwa mwenye haki huyohuyo, gharama za wakili kwa dai la kuacha huhesabiwa kwa thamani ya euro 1,000 tu, isipokuwa mahakama ione hali ya pekee. Kwa viwango vya mawakili hiyo hutoa kiasi cha euro 150 hadi 170 pamoja na kodi. Fidia ni hesabu nyingine. Mwaka 2015 BGH ilikubali euro 200 kwa kila wimbo, katika kesi ya nyimbo 15, jumla euro 3,000. Albamu nzima kwa hiyo si mzaha, na mara nyingi makubaliano ya kiasi cha chini ni ya busara kwa mtu anayejua alifanya.

Kama kipato chako ni kidogo, usimlipe wakili wa kwanza utakayemwona. Nenda kwanza Amtsgericht, mahakama ya mwanzo, ya mtaa wako na kitambulisho, karatasi za mshahara au za BAföG (msaada wa serikali kwa wanafunzi), mkataba wa nyumba na taarifa za benki, uombe Beratungshilfeschein, cheti cha msaada wa ushauri wa kisheria. Ukipewa, unamlipa wakili euro 15 tu kwa ushauri. Wanafunzi waulize pia ofisi ya wanafunzi ya chuo, kwani vyuo vingi hutoa ushauri wa kisheria bure.

Madai ya gharama za wakili hufa baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka. Fidia ya leseni inaweza kudaiwa mpaka miaka kumi. Tunza bahasha, nakala na risiti muda wote huo, hata ukihama nchi.

Bahasha ya njano ikija baadaye, ni ya mahakama. Yaelekea ni Mahnbescheid, amri ya malipo ambayo mahakama huitoa bila kukagua kama deni ni la kweli. Postamani huandika tarehe juu yake. Una wiki mbili tu kuanzia hapo za kurudisha fomu ya kupinga iliyomo ndani, na huhitaji kueleza sababu. Ukizembea, inageuka hati ya kukazia malipo, nayo pia inapingwa ndani ya wiki mbili tu. Kesi kamili ikifunguliwa, husikilizwa na mahakama ya mahali unapoishi, si kule iliko lebo.

Ukiwa nchi nyingine

Kanuni za Ujerumani usizivushe mpaka wake. Kanada, mtoa huduma hukupelekea notisi bila kutoa jina lako, na tangu Desemba 2018 notisi hizo haziruhusiwi kudai malipo. Ikidai, usilipe na usijibu. Kwa matumizi yasiyo ya biashara, fidia ya kisheria huko ni dola 100 hadi 5,000 za Kanada kwa kazi zote kwa pamoja. Marekani ni kinyume: dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, mpaka 150,000 kwa kosa la makusudi. Jammie Thomas-Rasset, mtu binafsi aliyegawana nyimbo mtandaoni, alihukumiwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Huko tofautisha vitu viwili. Notisi iliyopitishwa na mtoa huduma haimpi lebo jina lako, kwa hiyo simamisha ugawaji na usijaze fomu ya malipo. Taarifa ya hati ya mahakama inayotaka jina lako ni jambo jingine. Ina siku ya mwisho ya kupinga, na inahitaji wakili kabla ya siku hiyo. Ufaransa, mamlaka ya serikali iitwayo Arcom hutuma maonyo kwa ngazi, na mwisho wake ni faini inayoweza kufika euro 1,500.

Kuitengeneza nyumba

Weka nywila ya Wai-Fai yenye ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ile ndefu iliyoandikwa nyuma ya ruta yako inakubalika kisheria ikiwa ni ya ruta hiyo peke yake, kwa mujibu wa uamuzi wa BGH wa 2016. Wageni wape mtandao wa wageni, Gastzugang. Kwenye FRITZ!Box unaweza kuuzuia usipitishe chochote zaidi ya kuperuzi na barua pepe, na hapo torenti hugoma. Mnapopanga nyumba pamoja, andikeni karatasi moja yenye majina, tarehe na sentensi kwamba kugawana kazi zenye hakimiliki hakuruhusiwi, kila mmoja asaini.

Wengine hutegemea VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine. VPN huificha anwani yako ya IP kwa kundi la torenti, lakini haibadilishi sheria, na ikikatika kwa sekunde chache programu huendelea kugawa kwa anwani yako halisi. Iweke kwa ajili ya faragha ya kawaida, hasa kwenye Wai-Fai ya hoteli na ya uwanja wa ndege.

Muziki wa nyumbani haulazimu torenti. Mdundo hutoa MP3 za wasanii wa Afrika Mashariki bure na kihalali, zikiwa na tangazo fupi, na msanii hupata mgawo. Bandcamp huuza albamu kwa MP3 na FLAC, na faili inakuwa yako. Boomplay na Audiomack huruhusu kusikiliza bila mtandao ndani ya programu zao. Msanii wa Temeke au wa Likoni aliyelipia studio kwa fedha za mfukoni anastahili mgawo huo. Kabla ya kubofya popote, tazama mwisho wa jina la faili: ikiwa ni .torrent, au kiungo kinaanza na magnet:, hiyo ni torenti, na laini yako itaanza kugawa mara tu kipande cha kwanza kitakapoingia.